Watoto viziwi wa Managua waliojitungia lugha

Mwaka 1986 Wizara ya Elimu ya Nicaragua ilikuwa na fumbo ambalo walimu wake walishindwa kulifumbua. Katika shule mbili za viziwi jijini Managua, wanafunzi hawakushika karibu chochote walichofundishwa darasani. Lakini wakati wa mapumziko ukifika, uwanja ulikuwa unageuka baraza. Mikono inapaa, nyuso zinakunjamana, mtu anaigizwa, mwingine anasutwa, kundi zima linaangua kicheko. Kwamba watoto wanazungumza, walimu waliliona wazi. Wanazungumza nini na kwa lugha gani, hakuna mwalimu aliyejua. Wizara ikamwita mwanaisimu kutoka Marekani, Judy Kegl, aje aangalie.

Yaliyofuata yamekuwa kisa kinachotajwa mno kila wanaisimu na wanasaikolojia wanapokutana. Karibu lugha nyingine zote, Kiswahili kikiwamo, tulizikuta zimekwisha kukomaa. Habari za utoto wa lugha hizo tunazikisia kwa kupekua maandishi ya kale na kulinganisha maneno. Ile ya Managua ilikuwa ndiyo kwanza inaota, na waliokuwa wakiiotesha walikuwa hai, wana majina, wamekaa mbele ya kamera.

Kabla ya shule hizo, Nicaragua haikuwa na jamii ya viziwi kwa maana halisi. Viziwi walikuwapo, bila shaka, lakini kila mmoja kwao. Mtoto alizaliwa, akakulia na pengine akazeekea uani kwa wazazi wake, hajawahi kumwona kiziwi mwenzake. Nyumbani walielewana naye kwa ishara chache: kula, kulala, njoo, mkono wa kuonyesha kimo cha ndugu fulani. Mama na wadogo zake walizijua. Nyumba ya pili hawakuzijua.

Mwaka 1977 kikafunguliwa kituo cha elimu maalumu katika mtaa wa San Judas, kikapokea watoto viziwi wapatao 50. Miaka miwili baadaye wanamapinduzi wa Kisandinista wakaing'oa serikali ya dikteta Somoza, wakaipa elimu kipaumbele, na mwaka 1980 ikafunguliwa shule ya ufundi kwa vijana viziwi huko Villa Libertad. Kufikia 1983, shule hizo mbili zilikuwa na wanafunzi zaidi ya 400. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hiyo, mamia ya viziwi walikuwa wakipanda mabasi pamoja asubuhi na kurudi nayo jioni.

Walimu hawakuwafundisha lugha ya alama. Hawakuijua, na wakati ule haikuwapo ya kufundisha. Walifuata fikra iliyotawala tangu mkutano wa waelimishaji uliofanyika Milano mwaka 1880, kwamba kiziwi asome midomo na alazimishwe kutamka, basi. Mtoto ambaye hajawahi kusikia neno moja la Kihispania aliketi akimtazama mwalimu akichezesha midomo. Wakaongezewa herufi za vidole, wayaendeleze maneno ya Kihispania hewani. Juhudi hizo hazikufua dafu. Kwenye basi na uwanjani, kumbe, kila mmoja alikuwa ameleta ishara za kwao, na hizo zikaanza kuchanganyika.

Jaribio ambalo hakuna anayeruhusiwa kulifanya

Swali la lugha hutoka wapi lina umri mkubwa kuliko sayansi yenyewe. Herodotus anasimulia habari za farao Psammetichus aliyewakabidhi watoto wachanga wawili kwa mchungaji, akakataza wasisikie neno lolote, ili ajue watatamka lugha gani kwanza. Walitamka kitu kama “bekos”, akaambiwa ni mkate kwa Kifrigia, akaridhika. Karne ya 16, Akbar wa India aliwafungia watoto katika nyumba ya walezi waliokatazwa kusema. Walipotoka hawakuwa na lugha yoyote. Leo mtu akipendekeza jaribio la namna hiyo atafikishwa mahakamani, na ni haki yake.

Managua ilileta kitu kinachokaribiana na jaribio hilo, bila mtu kukusudia na bila ukatili wa mfalme. Na tofauti moja iliyobadili kila kitu: watoto wale hawakuwa wawili zizini. Walikuwa wengi, na waliendelea kuja mwaka hadi mwaka.

Kegl alianzia Villa Libertad, kwa wale wakubwa. Alama walikuwa nazo, lakini kila mmoja alizifanya kwa namna yake kidogo, kwa mwendo wa taratibu, na alipojaribu kutafuta kanuni inayozifunga pamoja, kanuni ikamponyoka. Kisha akaenda San Judas, kwa wadogo. Huko alikuta mikono inayokwenda mbio, kwa mahadhi, alama zimeshikana na zina mpangilio unaojirudia toka mtoto hadi mtoto. Wakubwa ndio waliotangulia kufika shuleni. Wadogo walijifunza kwao. Ila walichokuwa nacho wadogo kilikuwa kimepita walichopewa.

Jambo hilo ndilo kiini cha kisa chote. Tumezoea kudhani mtoto hurithi lugha kwa mkubwa ikiwa kamili, naye huipunguza kwa makosa ya kitoto mpaka akue. Managua ilikuwa kinyume. Wakubwa walitoa malighafi, watoto wakaipa sarufi.

Ann Senghas, aliyeanza kazi hii akiwa mwanafunzi na kupata shahada yake ya uzamivu katika chuo cha MIT mwaka 1995, ndiye aliyeupima mpishano huo wa rika kwa subira kuliko wote. Aliwagawa viziwi kwa mwaka walioingia katika jamii: kabla ya 1984, kati ya 1984 na 1993, na baada ya hapo. Akawaonyesha picha na filamu fupi, wakasimulia, naye akarekodi.

Tazama jambo dogo kama mwanamume kumsukuma mwanamke. Katika hatua za mwanzo, tukio lenye watu wawili lilivunjwa vipande: mwanamume anasukuma, mwanamke anaanguka. Kila mtu na kitenzi chake. Nani kamfanya nani nini, utajaza mwenyewe. Waliokuja nyuma walianza kutumia nafasi ya hewani iliyo mbele yao. Alama ya kuona ikipelekwa upande mmoja, na alama ya kulipa ikapelekwa upande uleule, maana yake aliyeonwa ndiye aliyelipwa. Ikipelekwa upande mwingine, huyo ni mtu mwingine. Mzungumzaji wa Kiswahili hapaswi kushangaa sana: tunaposema “alimwona akamlipa”, kazi hiyo hiyo inafanywa na viambishi vidogo ambavyo hatuvihisi hata kidogo tukivitamka. Watoto wa Managua walikipata chombo chao bila kuelekezwa na yeyote, na waliokipata zaidi ni wale walioanza wakiwa wadogo.

Jaribio lililomtangaza Senghas duniani lilichapishwa mwaka 2004 katika jarida la Science, akiwa na Sotaro Kita na Aslı Özyürek. Walitumia katuni ya paka Sylvester. Paka anameza mpira mzito, kisha anaporomoka barabara yenye mteremko mkali huku akibingirika. Wasimulizi walikuwa viziwi 30, kumi kutoka kila rika, na Wanicaragua 10 wanaosikia, ambao walitazamwa mikono yao walipokuwa wakisimulia kwa Kihispania.

Wanaosikia walifanya kile ambacho wewe nami tungefanya: mkono unazunguka huku unashuka, vyote kwa mara moja, kwa kuwa ndivyo ilivyotokea. Viziwi wa rika la kwanza nao mara nyingi walifanya hivyo. Lakini rika la pili na la tatu walielekea kuvitenganisha: alama ya kubingirika, kisha alama ya kuteremka, moja baada ya nyingine.

Kwa haraka unaweza kusema wamerudi nyuma. Ishara ya wakubwa inafanana zaidi na tukio. Lakini kufanana na tukio ni kazi ya picha. Lugha ina kazi nyingine. Ukishatenga namna ya kwenda na uelekeo wa kwenda, unaweza kuviunga upya upendavyo: akateremka akibingirika, akateremka akichechemea, akapanda akichechemea, akapanda akikimbia. Vipande vichache vinazaa kauli zisizo na mwisho, hata za mambo ambayo hayajawahi kutokea. Kiswahili kinafanya hivyo kila siku, nasi hatukukaa kikao kukipangia.

Hakuna baraza la lugha lililowaamuru watoto wale watenganishe. Walipotazama mikono ya kaka na dada zao waliona kitu kimoja kilichoshikamana, akili zao zikakipokea kama viwili.

Aliyechelewa

Kwa nini wakubwa wenyewe hawakufuata? Walikuwa wakikutana na wadogo, wakizungumza nao, wakiziona alama mpya. Wengine walijitahidi. Sarufi mpya haikuwakolea.

Eric Lenneberg aliandika mwaka 1967 kwamba ubongo una kipindi chake cha kupokea lugha, na kwamba kikipita mlango unaanza kufungwa. Ushahidi mzuri ulipatikana kwa viziwi wa Marekani, kwa sababu baadhi yao huzaliwa na wazazi viziwi na kuona alama tangu siku ya kwanza, wengine huzikuta shuleni wakiwa na miaka minne hadi sita, na wengine wakishabalehe. Elissa Newport alipowapima wote baada ya kuitumia lugha hiyo kwa miaka 30 na zaidi, waliochelewa bado walikuwa wakikosea vipande vya ndani vya vitenzi ambavyo waliozaliwa ndani ya lugha hiyo hawavikosei. Miaka 30 ya mazoezi haikufidia miaka michache ya mwanzo.

Na hatuzungumzii ishara za kuigiza tu. William Stokoe alionyesha tangu 1960 kwamba alama za viziwi wa Marekani zina viungo vyake, kama maneno yalivyo na sauti: umbo la kiganja, mahali inapofanyika, mwendo wake. Watoto viziwi wachanga wanaolelewa kwa alama hubwabwaja kwa vidole kama watoto wengine wanavyobwabwaja kwa midomo. Laura Petitto na Paula Marentette walilichapisha hilo mwaka 1991. Ursula Bellugi na wenzake katika Taasisi ya Salk huko California walichunguza viziwi waliopata kiharusi. Walioumia upande wa kushoto wa ubongo walipoteza alama zao, ingawa mkono ungali mzima na unaweza kuigiza kupiga mswaki. Upande huohuo ndio unaomnyang'anya msemaji maneno yake. Ubongo, inaonekana, haujali kama lugha inapita mdomoni au mkononi.

Wala lugha hizi si moja dunia nzima, kama wengi wanavyodhani. Waingereza na Wamarekani wanasikilizana kwa kinywa, lakini viziwi wao hawaelewani kwa mikono. Lugha ya alama ya Marekani ina undugu na ya Ufaransa, kwa kuwa mwalimu kiziwi Laurent Clerc alitoka Paris mwaka 1816 na mwaka uliofuata akashiriki kufungua shule ya Hartford.

Akili bila lugha hufika wapi?

Hapa ndipo Managua inapoacha kuwa habari ya wanaisimu peke yao. Kama kuna watu wazima, wenye afya na werevu, wanaotofautiana kwa kiasi cha lugha walichokipata utotoni, basi unaweza kuuliza lugha inaifanyia nini akili.

Jennie Pyers na Senghas waliuliza kuhusu mawazo ya watu wengine. Mtoto ameweka kichezeo chake mahali, akatoka. Nyuma yake mwenzake akakihamisha. Akirudi atakitafuta wapi? Wewe unajua kilipo, yeye hajui. Watoto wengi wakifika miaka minne au mitano hujibu sawasawa: atakitafuta alipokiacha. Watafiti walitumia picha, ili mtu asihitaji maneno kuonyesha jibu. Viziwi wa rika la kwanza, watu wazima waliokwisha kupita miaka 20, wengi walikosea. Rika la pili, wadogo kwao, walipata. Rika la kwanza ndilo pia lililokuwa na alama chache za mambo ya moyoni kama kudhani, kujua na kutojua.

Matokeo hayo, yaliyochapishwa 2009, yana sehemu ya pili ambayo mimi naiona nzito zaidi. Baada ya takriban miaka miwili watafiti walirudi. Katikati hapo wakubwa walikuwa wamechangamana zaidi na vijana, wakaokota alama za kudhani na kujua. Wakapimwa tena, wakafanya vizuri kuliko mwanzo. Sarufi iliwakataa, lakini maneno ya kuyataja mawazo hayakuwakataa, na yalipoingia, yakafungua njia ya kuyaona mawazo ya wenzao.

Uchunguzi mwingine, wa 2010, ulimzungusha mtu akiwa amefumbwa macho katika chumba kidogo chenye ukuta mmoja wa rangi, kisha akatakiwa akitafute kitu alichoonyeshwa kikifichwa pembeni. Rika la pili, lenye namna thabiti ya kutaja kushoto na kulia, lilipotea mara chache kuliko la kwanza.

Hesabu ndiyo iliyonishtua. Elizabet Spaepen na wenzake waliwatafuta Nicaragua watu wazima wanne viziwi ambao hawakupata kujiunga na jamii ya wenzao. Walikuwa na kazi, wana marafiki wanaosikia, wanashika fedha na kujua noti ipi kubwa kuliko ipi. Waliombwa wapange vitu sawa kwa idadi na vile walivyopangiwa. Moja, mbili, tatu, hakuna taabu. Kuanzia nne kuendelea, walikaribia tu. Vidole walivyonyoosha vilikuwa karibu na jibu, si jibu lenyewe. Wanicaragua wanaosikia ambao hawakuwahi kwenda shule walifanya vizuri, kwa hiyo kilichokosekana si ubao na chaki. Kilichokosekana ni ule mfululizo wa moja, mbili, tatu, nne ambao sisi tuliimbishwa na shangazi kabla hatujajua una faida gani.

Asidhani mtu kwamba watu hao hawana akili. Kuishi katika dunia ya maneno bila neno hata moja, ukapata kibarua na ukarudi nyumbani na mshahara wako, kunahitaji akili nyingi.

Wanaobishana

Wafuasi wa Noam Chomsky, ambaye mwaka 1959 alimpinga vikali B. F. Skinner na dai lake kwamba lugha hujengwa na mazoea na tuzo, waliipokea habari ya Managua kwa shangwe: si mnaona, sarufi imo ndani ya mtoto. Steven Pinker aliitumia katika kitabu chake cha 1994. Wapinzani wao wanajibu kwamba watoto wale hawakuanza na ukurasa mtupu. Walikuja na ishara za nyumbani, na ishara wanazotumia Wanicaragua wote wakizungumza, na juu ya yote walikuja wengi. Huko jangwani Negev, katika kijiji cha Wabedui wa Al-Sayyid ambako uziwi unarithiwa, lugha nyingine changa imekuwa ikikua kwa vizazi kadhaa, na baadhi ya mambo ya sarufi yamechukua muda wake, bila haraka.

Kwa maoni yangu kila upande umeshika nusu. Mtoto kiziwi aliyebaki peke yake nyumbani hujitungia mpangilio fulani. Susan Goldin-Meadow amelionyesha hilo kwa miongo kadhaa, Marekani na Taiwan. Lakini haishii kuwa lugha kamili. Watu wazima wakikusanywa wanapata mawasiliano, nayo hayakamiliki. Vinatakiwa vyote viwili, utoto na wenzako. Wabishanao wataendelea kubishana juu ya ukubwa wa kila fungu, na waache waendelee. Kwa mzazi wa mtoto kiziwi, ubishi huo umekwisha.

Huku kwetu

Afrika Mashariki nayo ina historia yake. Shule ya kwanza ya viziwi Tanzania ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, na kwa kiasi kikubwa Lugha ya Alama ya Tanzania imekulia katika mabweni ya shule za namna hiyo, ndiyo maana hadi leo alama za shule moja si zote zinazofanana na za nyingine. Uganda iliitaja lugha ya alama katika katiba yake ya 1995. Kenya ilikwenda mbali zaidi: Katiba ya 2010 inaifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, bega kwa bega na Kiswahili na Kiingereza. Nicaragua yenyewe ilipitisha sheria ya kuitambua lugha ya viziwi wake mwaka 2009.

Sheria ni nzuri. Lakini sheria haimfikii mtoto wa miaka miwili aliyeko Sikonge au Kwale, ambaye mama yake bado anasubiri aseme. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba zaidi ya watoto viziwi tisa kati ya kumi huzaliwa na wazazi wanaosikia, na sioni sababu ya huku kuwa tofauti sana. Watoto wengine hupoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo baada ya kuzaliwa salama. Mzazi anayesikia mara nyingi hajui alama hata moja. Anampenda mwanawe, anamlisha, anamfunika, na miaka ile ambayo Newport na Senghas wameonyesha thamani yake inapita. Mtoto anafikishwa shuleni ana miaka minane, wengine kumi. Walimu wanamwona mzito. Si mzito, amecheleweshwa.

Na yapo makosa ya wenye nia njema. Wapo wanaoambiwa wasimfundishe mtoto alama, eti atakuwa mvivu wa kusema. Yote niliyoyasimulia hapa yanapinga ushauri huo. Mtoto mwenye alama ana lugha ya kujifunzia nyingine, iwe Kiswahili cha kuandika au cha kutamka kwa msaada wa kifaa cha masikio. Asiye na lugha yoyote hana pa kuanzia.

Basi mzazi, kama mwanao hashtuki mlango ukibamizwa, mpeleke kliniki ya masikio akapimwe mwezi huu, usingoje ulimi ulegee wenyewe. Akionekana ni kiziwi, usimfiche na usisubiri darasa la kwanza. Watafute CHAVITA, chama cha viziwi Tanzania, au chama cha viziwi cha nchi uliyopo, uombe wakukutanishe na viziwi watu wazima na familia zenye watoto kama wako. Mpeleke akacheze na wenzake mara nyingi uwezavyo. Nawe, baba yake, bibi yake na kaka zake mjifunze alama pamoja naye, kwa kuwa atazihitaji mezani kwenu kabla hajazihitaji darasani.